Namna ya Kutatua Maswali ya Nguvu na Mwendo kwa Kuichunguza Chukudu

Chukudu, yaani chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kinachobebea mizigo huku Goma, mashariki mwa Kongo, ikipakiwa magunia ya viazi na kushuka kutoka Kibumba kuja mjini, haihitaji mtu wa kuisukuma. Mwendeshaji anayeijua kazi yake hushughulika zaidi na kuizuia kuliko kuiendesha. Ikishafika kwenye barabara tambarare ya mjini, chukudu ileile huwatoa watu wawili jasho ili isogee mita chache, na wakiiachia tu, inasimama. Mwanafunzi anayeweza kueleza hali hizo mbili kwa kanuni zilezile, bila kubadili hoja katikati ya njia, hana sababu ya kuogopa maswali ya nguvu na mwendo katika mtihani wa Serikali. Maswali hayo, hata yanapotaja treni, roketi au satelaiti, huuliza jambo moja: ni nguvu zipi zinazotenda juu ya kitu hiki, na jumla yake inaubadilishaje mwendo wake?

Mwongozo huu unafuata utaratibu ambao, kwa maoni yangu, hupitiwa haraka mno darasani. Kwanza tunaueleza mwendo bila kutaja chanzo chake. Kisha tunazihesabu nguvu moja baada ya nyingine, kila moja na mtoaji wake. Na fomula tunaiandika baadaye kabisa. Anayeanza na fomula hubahatisha, hata akipata jibu sahihi.

Ueleze mwendo kwanza

Kusema kwamba kitu kinakwenda ni kusema kwamba nafasi yake inabadilika kikilinganishwa na kitu kingine kilichochaguliwa. Abiria aliyeketi ndani ya boti inayotoka Goma kwenda Bukavu hajasogea hata kidogo ukimlinganisha na kiti chake, lakini ukimlinganisha na bandari aliyoondokea anazidi kuwa mbali. Majibu yote mawili ni sahihi, na ndiyo maana jambo la kwanza la kuandika katika daftari ni mahali unapopimia: sifuri iko wapi, na upande upi unauhesabu kuwa chanya. Asiyeandika hilo hujikuta mwishoni na alama ya kutoa asiyojua imetoka wapi.

Kasi ya wastani hupatikana kwa kugawanya umbali kwa muda. Tuseme boti imekwenda kilomita 90 kwa saa 3; kasi yake ya wastani ni kilomita 30 kwa saa, ingawa ilipoondoka bandarini ilijikokota na katikati ya Ziwa Kivu ilikaza mwendo. Katika fizikia umbali hupimwa kwa mita na muda kwa sekunde, hivyo kilomita kwa saa hugeuzwa kuwa mita kwa sekunde kwa kugawanya kwa 3.6. Kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde, na inafaa kuikariri hiyo moja kwa sababu inakusaidia kuzikisia nyingine zote.

Kinachowatatiza wengi ni mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi inabadilika katika kila sekunde. Chukudu iliyokuwa imesimama, ikafikia mita 1 kwa sekunde baada ya sekunde 5, imeongeza mita 0.2 kwa sekunde katika kila sekunde iliyopita, nasi tunaandika 0.2 m/s². Kupunguza mwendo nako ni mchapuko, ila unaoelekea nyuma. Kupinda kona bila kubadili kasi pia ni mchapuko, kwa kuwa mwelekeo umebadilika. Jambo hili la mwisho huonekana geni mpaka tutakapofika kwenye mzunguko wa barabara.

Mchapuko usipobadilika, fomula tatu zinatosha. Ikiwa u ni kasi ya mwanzo, v kasi ya mwisho, a mchapuko, t muda na s umbali, basi:

v = u + at
s = ut + ½at²
v² = u² + 2as

Namna ya kuchagua kati yake ni kuangalia ni kitu gani ambacho swali halikukitaja wala kukiuliza. Kama muda haukutajwa, tumia ya tatu. Kama umbali haukutajwa, tumia ya kwanza. Kama kasi ya mwisho haikutajwa, tumia ya pili.

Kabla ya kuendelea, inafaa kulifanya jaribio moja lisilohitaji maabara. Tafuta ubao mnyoofu wenye urefu wa mita 2 na ziada kidogo, wenye mfereji mwembamba katikati, au upigilie fito mbili sambamba ili gololi isitoke njiani. Weka alama ya chaki pale gololi itakapoanzia, nyingine sentimita 50 mbele yake, na nyingine sentimita 200 kutoka mwanzo. Inua upande wa mwanzo kwa kitabu kimoja au viwili, hadi alama ya kwanza iwe juu ya ile ya mwisho kwa sentimita 5. Iachie gololi bila kuisukuma, na upime muda kwa saa ya simu, mara moja hadi alama ya sentimita 50, na mara nyingine hadi alama ya sentimita 200. Utaona kwamba umbali ulio mara nne umechukua muda ulio karibu mara mbili tu. Kwa mwinuko huo tarajia sekunde 2.4 na sekunde 4.8 hivi, au zaidi kidogo ubao ukiwa unakwaruza. Rudia mara kadhaa uchukue wastani, kwa sababu kidole kinachobonyeza simu huchelewa kidogo kila mara.

Matokeo hayo ndiyo fomula ya pili yenyewe: u ikiwa sifuri, umbali unafuata mraba wa muda. Galileo Galilei, Mwitaliano aliyeishi kati ya 1564 na 1642, alitumia mteremko wa namna hiyo kwa sababu kitu kinachoanguka wima kilikwenda upesi mno kwa vipimo vya wakati wake. Yeye alipima muda kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka kwenye chombo. Mwenye simu mkononi hana udhuru.

Nguvu hubadilisha mwendo, haiuendelezi

Nguvu ni msukumo au mvuto ambao kitu kimoja kinakitendea kitu kingine, nayo hupimwa kwa nyutoni. Katika maelezo hayo mna washiriki wawili, mtoaji na mpokeaji, na nguvu isiyo na mtoaji haipo. Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote katika somo hili linapozaliwa. Mwambie mwanafunzi achore chukudu inayoendelea kuserereka kwenye barabara tambarare baada ya vijana kuiachia, na mara nyingi atachora mshale unaoelekea mbele, akiuita nguvu ya mwendo. Muulize nani anatoa nguvu hiyo. Vijana wameshaondoa mikono, upepo haupo, barabara ni tambarare. Hakuna anayeisukuma chukudu mbele. Mshale huo unafutwa, na kinachobaki ni msuguano unaoelekea nyuma, ambao ndio unaoipunguza kasi hadi inasimama.

Aliyeuchora mshale ule asijione mjinga, kwa sababu kwa karne nyingi wasomi waliomfuata Aristotle wa Ugiriki waliamini kwamba kitu hakiwezi kuendelea kwenda bila kitu kingine kukisukuma. Kila tunachokiona mtaani kinaelekea kuthibitisha imani hiyo: acha kusukuma, na kitu kinasimama. Kilichofichika ni kwamba barabara nayo inasukuma. Isaac Newton wa Uingereza, aliyechapisha kanuni zake tatu za mwendo mwaka 1687, alianza na hiyo ya kwanza: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda hubaki kikienda kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, isipokuwa jumla ya nguvu zinazokitenda si sifuri. Tabia hiyo ya vitu ya kutobadilisha mwendo wao wenyewe huitwa inesha.

Waendesha chukudu huiheshimu inesha hata kama hawalitumii jina lake. Tazama jinsi mzigo unavyofungwa: kamba haipiti juu tu kuukandamiza, bali nyingine hupita mbele ya magunia na kurudi nyuma. Gurudumu la mbele likigonga jiwe la volkano lililochomoza barabarani, chukudu inasimama kwa sababu jiwe limeisukuma nyuma. Magunia hayajaguswa na jiwe, kwa hiyo yanaendelea na kasi yaliyokuwa nayo. Hakuna nguvu iliyoyarusha mbele. Kamba ya mbele ndiyo inayotoa nguvu ya kuyarudisha nyuma ili yasimame pamoja na chukudu, na ikikatika, viazi vinamwagika mbele ya gurudumu.

Namna ya kulitatua swali hatua kwa hatua

Chagua kitu kimoja na ukichore peke yake. Ukichanganya chukudu, mwendeshaji na barabara katika mchoro mmoja, hutajua tena nguvu ipi inamtenda nani. Unaweza kuamua kwamba chukudu pamoja na mzigo wake ni kitu kimoja, na huo ni uamuzi mzuri, mradi usiubadilishe katikati ya hesabu.

Kisha zunguka mpaka wa kitu hicho kwa macho na uulize ni nini kinachokigusa, kwa sababu kila kinachokigusa kinaweza kukisukuma au kukivuta. Baada ya hapo ongeza nguvu moja inayotenda bila kugusa, nayo ni mvutano wa dunia. Kwa maswali ya kawaida ya mwendo orodha huishia hapo. Kila mshale uandike na mtoaji wake: barabara inaisukuma chukudu juu, dunia inaivuta chukudu chini, mikono ya vijana inaisukuma mbele, msuguano wa magurudumu unaizuia kwa kuisukuma nyuma. Mshale usioweza kuupatia mtoaji, ufute.

Sasa zigawe nguvu hizo katika pande mbili, ule ulio sambamba na barabara na ule ulio wima juu yake, ujumlishe kila upande peke yake. Ndipo kanuni ya pili ya Newton inapoandikwa: jumla ya nguvu ni sawa na tungamo (yaani kilo za kitu) mara mchapuko, F = ma.

Tuchukue chukudu yenye kilo 40 iliyobeba magunia ya kilo 200, jumla kilo 240, kwenye barabara tambarare ya lami. Vijana wawili wanaisukuma kwa nyutoni 120 kwa pamoja, na tuseme msuguano wote wa magurudumu na ekseli zake ni nyutoni 72. Kwa upande wa wima, barabara inasukuma juu sawasawa na dunia inavyovuta chini, kwa hiyo hakuna mabadiliko upande huo. Kwa upande wa mbele jumla ni 120 − 72 = nyutoni 48, na mchapuko ni 48 ÷ 240 = 0.2 m/s². Baada ya sekunde 5 chukudu imefikia mita 1 kwa sekunde na imekwenda mita 2.5.

Wakitaka kuendelea kwa mita 1 kwa sekunde, kasi ya mtu anayetembea polepole, wasukume kwa nguvu gani? Wengi watajibu nyutoni 120, au kiasi chochote kinachozidi 72, kwa hoja kwamba lazima nguvu ya mbele ishinde. Jibu ni nyutoni 72 kamili. Kasi isiyobadilika inamaanisha mchapuko sifuri, na mchapuko sifuri unamaanisha jumla ya nguvu ni sifuri, ingawa chukudu inaendelea kwenda. Huwezi kusema umeielewa kanuni ya kwanza mpaka jibu hili liache kukushangaza.

Wakiiachia, nguvu inayobaki ni msuguano peke yake. Mchapuko unakuwa 72 ÷ 240 = 0.3 m/s² kuelekea nyuma. Swali halitaji muda, kwa hiyo tunatumia fomula ya tatu: umbali ni 1 ÷ (2 × 0.3), yaani mita 1.67 hivi. Ndiyo maana chukudu yenye mzigo, ikiachiwa katika mwendo wa polepole, husimama karibu palepale.

Mteremkoni

Barabara inayoteremka haileti nguvu mpya. Inazigeuza tu pande ambazo nguvu zilezile zinatenda. Dunia bado inaivuta chukudu wima kuelekea chini, lakini barabara haisukumi tena wima kwenda juu: inasukuma kwa pembe mraba na uso wake. Sehemu ya uzito inayokandamiza barabara inafutwa na msukumo huo, na sehemu inayoelekea chini ya mteremko inabaki bila wa kuifuta. Ukubwa wa sehemu hiyo ni uzito mara uwiano wa kushuka kwa barabara kwa urefu wake. Barabara inayoshuka mita 5 kwa kila mita 100 za urefu wake ina uwiano wa 0.05.

Mwendeshaji wa kilo 60 sasa amepanda juu, kwa hiyo kitu chetu kina kilo 300. Uzito wake ni tungamo mara mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao hapa Goma, karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ni takriban 9.78 m/s². Tunapata 300 × 9.78 = nyutoni 2,934. Sehemu inayovuta kuelekea chini ya mteremko ni 2,934 × 0.05, karibu nyutoni 147. Msuguano wa magurudumu huongezeka kwa kadiri ya mzigo, hivyo kutoka 72 kwa kilo 240 unakuwa 90 kwa kilo 300. Jumla ni 147 − 90 = nyutoni 57, na mchapuko ni 57 ÷ 300 = 0.19 m/s².

Ni mchapuko mdogo, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa kuwa haumshtui mtu. Chukudu iliyoanza kwa kusimama, baada ya mita 100, ina v² = 2 × 0.19 × 100 = 38, yaani kasi ya mita 6.16 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 22 kwa saa. (Upinzani wa hewa tumeuacha pembeni, ungeipunguza kidogo kasi hiyo, lakini usingeibadilisha picha.) Kama barabara ingeshuka mita 3 tu kwa kila mita 100, mvuto wa kuelekea chini ungekuwa nyutoni 88, karibu sawa kabisa na msuguano, na chukudu iliyopewa msukumo mdogo wa mwanzo ingeteremka kwa kasi ileile bila kuongeza wala kupunguza.

Sasa mwendeshaji anataka kusimama ndani ya mita 20 zinazofuata, mteremko ukiwa uleule. Mchapuko unaohitajika ni 38 ÷ (2 × 20) = 0.95 m/s² kuelekea juu ya mteremko, kwa hiyo jumla ya nguvu lazima iwe 300 × 0.95 = nyutoni 285 kuelekea huko. Msuguano wa magurudumu unasaidia kwa 90, lakini mteremko unapinga kwa 147. Breki inabaki na deni la 285 + 147 − 90 = nyutoni 342, na deni hilo linalipwa na mguu wa mtu mmoja unaokandamiza kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma.

Rudia hesabu hiyo kwa chukudu tupu: kilo 40 na mwendeshaji wa kilo 60, jumla kilo 100. Mvuto wa mteremko unakuwa nyutoni 49 na msuguano 30, na mchapuko wa kushuka ni uleule wa 0.19 m/s², kwa sababu nguvu zote mbili zimepungua kwa kadiri ileile tungamo lilivyopungua. Wanaosema kwamba mzigo mzito ndio unaoiongezea chukudu mbio mteremkoni hawajapata sababu halisi ya ajali. Kilichobadilika ni breki inayotakiwa: theluthi moja tu, yaani nyutoni 114. Mzigo unaongeza nguvu inayohitajika kusimamisha, lakini hauongezi nguvu za mguu. Tena umbali wa kusimama unafuata mraba wa kasi, hivyo anayeshuka kwa kasi mara mbili anahitaji mara nne ya mita zile 20 kwa breki ileile. Waendeshaji wazoefu huanza kukandamiza mapema, kasi ikiwa bado ndogo, na fizikia inakubaliana nao.

Kupanda hakuna jipya ila alama zinageuka. Mwendeshaji akishuka na kusukuma, chukudu ya kilo 240 ikipanda mteremko uleule kwa kasi isiyobadilika inadai nyutoni 117 za mteremko na 72 za msuguano, jumla 189, dhidi ya 72 za barabara tambarare.

Nguvu huja mbili mbili

Kanuni ya tatu ya Newton inasema kwamba kitu cha kwanza kikikisukuma cha pili, cha pili nacho kinakisukuma cha kwanza kwa nguvu iliyo sawa na iliyoelekea upande wa pili. Kila mwanafunzi anaikariri, na kila mwaka kuna anayeuliza: kama chukudu inamsukuma kijana nyuma sawasawa na anavyoisukuma mbele, mbona inakwenda? Swali ni zuri na jibu lake limo katika mchoro. Nguvu ya kijana imo kwenye mchoro wa chukudu. Nguvu ya chukudu imo kwenye mchoro wa kijana. Nguvu zinazotenda juu ya vitu viwili tofauti hazijumlishwi, kwa hiyo haziwezi kufutana. Chukudu inakwenda kwa sababu nguvu ya kijana inazidi msuguano wa magurudumu. Kijana naye harudi nyuma kwa sababu ardhi inazisukuma nyayo zake mbele, nayo inazisukuma kwa sababu yeye anaisukuma nyuma.

Mwangalie mwendeshaji aliyeweka goti moja juu ya ubao wa chukudu huku mguu wa pili ukipiga ardhi. Mguu unaisukuma ardhi nyuma, ardhi inausukuma mguu mbele, na msuguano kati ya kandambili na barabara ndio unaoruhusu hayo yote. Kwenye changarawe nyeusi iliyolegea mguu unateleza, ardhi haitoi msukumo wa kutosha, na mtu anachoka bila kusogea. Msuguano, ambao tulikuwa tunauhesabu kuwa adui wa magurudumu, ndio huohuo unaomwezesha kwenda.

Jihadhari na jozi ya uongo. Uzito wa gunia na msukumo wa ubao ulio chini yake ni sawa na vinaelekeana kinyume, lakini si jozi ya kanuni ya tatu, kwa kuwa vyote viwili vinatenda juu ya gunia. Jozi ya uzito wa gunia ni mvuto ambao gunia linaivuta dunia; jozi ya msukumo wa ubao ni gunia kuukandamiza ubao. Chukudu ikirushwa na tuta, msukumo wa ubao unatoweka kwa muda mfupi ilhali uzito haujapungua, na hapo inaonekana wazi kwamba viwili hivyo havikufungwa pamoja.

Tungamo na uzito

Hapa sitakaa sana. Tungamo ni kiasi cha inesha ya kitu na hupimwa kwa kilo. Uzito ni nguvu ambayo dunia inakivuta nayo na hupimwa kwa nyutoni. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 587 Goma, karibu 590 kwenye ncha za dunia ambako mvutano ni 9.83 m/s², na 97 tu mwezini ambako ni 1.62 m/s², lakini kilo zake ni 60 kote huko. Bidoni la maji la lita 20 lina maji ya kilo 20, na anayelibeba anatoa karibu nyutoni 196 kwa maji peke yake. Mtihani ukikupa 9.8 au 10, tumia ulichopewa.

Kwenye mzunguko wa barabara

Pikipiki inayouzunguka mzunguko wenye sanamu ya chukudu kwa kasi isiyobadilika ina mchapuko unaoelekea katikati ya duara, na nguvu inayotakiwa ni F = mv²/r. Tuseme pikipiki na watu wake wana kilo 200 na wanapita kwenye duara lenye nusukipenyo cha mita 15. Kwa mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, nguvu ni 200 × 25 ÷ 15, karibu nyutoni 333. Kwa mita 10 kwa sekunde inafika 1,333. Mtoaji wake ni barabara, kupitia msuguano wa matairi unaosukuma kuelekea katikati. Mvua ikinyesha, barabara inashindwa kutoa kiasi hicho na pikipiki inaendelea kwa mstari ulionyooka, kama kanuni ya kwanza inavyosema. Abiria anayehisi anatupwa nje hasukumwi na chochote kuelekea nje. Mwili wake unataka kunyooka na kiti kinaupindisha. Kwa hiyo mshale wa kuelekea nje haumo katika mchoro wako.

Kulihakiki jibu

Usilikabidhi jibu kabla ya kulipitia kwa njia tatu. Angalia vizio: kilo mara m/s² lazima itoe nyutoni, na mita ikigawanywa kwa sekunde haiwezi kuwa mchapuko. Jaribu hali ya kupindukia: weka mteremko uwe sifuri katika hesabu ya breki, na uone kama unabaki na swali la barabara tambarare, usipobaki nalo, kuna alama iliyogeuzwa vibaya. Mwisho, pima ukubwa wa jibu kwa akili ya kawaida. Ukipata kwamba breki ya chukudu yetu inahitaji nyutoni 3,687, linganisha na uzito wote wa chukudu, mzigo na mwendeshaji, ambao ni 2,934: mguu wa mtu hauwezi kuizuia chukudu kwa nguvu inayoweza kuinyanyua yote hewani. Rudi kwenye mstari wa kasi. Utakuta umeandika 22 palipotakiwa 6.16, kwa sababu hukugawanya kwa 3.6.